Kwa nguruwe pori, mbwa wa kilo ngapi anatosha?

Mjomba wangu analima Mkula, kwenye barabara ile inayotoka Kidatu kwenda Ifakara. Upande mmoja kuna milima ya Udzungwa, upande wa pili bonde la Kilombero linafunguka na mpunga wake, mahindi na miwa. Usiku mmoja wa Aprili alinipigia simu. Nikajua kuna jambo, maana mjomba hapigi simu usiku bure.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe si ndiye msomi wetu wa mambo ya wanyama? Basi sikia. Simba kafa. Nguruwe kampasua ubavu."

Simba alikuwa mbwa wake wa shamba, mwaka wa nne ule. Nilimpa pole. Akanyamaza kidogo, kisha akaja kwenye hoja yenyewe: anataka kuuza gunia tatu za mpunga anunue jibwa la kizungu, yale yanayofugwa mjini kwa ajili ya wezi. "Kilo arobaini lile! Hapo nguruwe atasogea kweli?"

Nilimwomba siku mbili nifikirie. Makala hii ndiyo jibu nililompa, ila nimelipanua ili na wewe msomaji likufae, hata kama huna shamba wala mbwa. Hesabu iliyomo humu ndiyo hiyo hiyo inayoeleza kwa nini mtoto mchanga hupoa haraka kuliko mtu mzima na kwa nini panya hula kutwa nzima. Tutaifanya kwa mbwa tu, kwa sababu gunia tatu za mpunga si mchezo.

Kwanza, mjue mgeni wako wa usiku

Watu wengi huchanganya nguruwe pori na ngiri. Ngiri ndiye yule anayetembea mchana, mkia umesimama kama antena, na usiku analala shimoni. Anayeharibu mahindi na mihogo usiku, kwa kawaida, ni nguruwe pori, ambaye wanasayansi humwita *Potamochoerus larvatus*. Mchana hujificha kwenye vichaka vizito, giza likiingia hutoka na kundi lake. Mkubwa ana uzito wa kilo 50 hadi zaidi ya 100. Macho yake si makali sana, lakini pua yake ni hatari: anaweza kunusa kilichofukiwa ardhini na kukifukua.

Silaha yake ni chonge za taya ya chini. Hizi husuguana na zile za juu kila anapofunga na kufungua mdomo, kwa hiyo zinajinoa zenyewe. Nguruwe pori akipata njia ya kukimbia, mara nyingi atakimbia. Akibanwa, au akiwa na watoto, anageuka na kurusha kichwa kutoka chini kwenda juu. Pigo hilo likimkuta mbwa, linaingia tumboni au ubavuni. Ndivyo alivyokufa Simba.

Weka hesabu ya kwanza hapo. Nguruwe wa kilo 80 akikutana na mbwa wa kilo 18, mbwa ni chini ya robo yake. Mlete jibwa la kilo 36, bado halifiki nusu. Yaani umeongeza gharama maradufu na bado uko upande wa mnyonge. Kama mpango wako ni kumshinda nguruwe kwa uzito, umeshashindwa kabla hujaanza.

Unawinda au unalinda?

Nilimuuliza mjomba swali ambalo lilimkera kidogo: "Unataka mbwa afanye kazi gani hasa?"

"Si kumfukuza nguruwe!"

"Amfukuze, au amkamate?"

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kuwinda na kulinda ni kazi mbili tofauti, na kila moja inataka mwili wake. Tena kwa Tanzania kuna suala la sheria. Wanyamapori ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka mwindaji awe na kibali, na kuwinda kwa kutumia mbwa ni miongoni mwa mbinu zisizoruhusiwa bila idhini. Na pale Mkula, ukimfuata nguruwe kuelekea mlimani, hufiki mbali kabla hujajikuta umeingia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ukikutwa humo na mbwa na mkuki, hakuna askari atakayesikiliza habari za mahindi yako.

Kwa hiyo kazi ya mbwa wa mjomba ni moja: kugundua mapema, kubweka, na kumwamsha mwenye shamba aliyelala dunguni. Kufukuza ni kazi ya mtu mwenye tochi na debe. Ukilielewa hilo, swali la kilo linaanza kujijibu.

Tonge na bonge la ugali

Sasa tuingie kwenye sayansi yenyewe. Umewahi kuona kuwa tonge la ugali mkononi linapoa upesi, lakini bonge lililobaki kwenye sahani linabaki la moto mpaka unamaliza kula? Sababu yake ni hii.

Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Una nyuso sita, kila moja sentimita ya mraba 1, jumla 6. Ujazo wake ni 1. Sasa chukua mchemraba wa sentimita 2. Uso wake wote ni 24, lakini ujazo wake ni 8. Umeukuza upande mara mbili. Uso umekua mara nne, ujazo mara nane. Mchemraba mdogo una uso 6 kwa kila kipimo cha ujazo, mkubwa una 3 tu. Joto hutoka kupitia uso, na hukaa kwenye ujazo. Kitu kikubwa kina joto jingi na milango michache ya kulitolea.

Kanuni hii haibagui ugali wala mbwa. Ina matokeo matatu kwenye suala letu.

*La kwanza ni joto.* Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nishati inayotumia hugeuka kuwa joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Ana tezi kidogo kwenye nyayo tu. Anategemea kutweta, yaani kuhema haraka ulimi ukiwa nje ili mate yakauke na kuondoka na joto. Ukimtoa mbwa kwenye kilo 18 ukampeleka kwenye 36 kwa umbo lile lile, uzito umekuwa mara mbili lakini uso umekua mara 1.6 hivi tu. Kila kilo ya mwili wake ina uso pungufu kwa karibu asilimia 21. Sasa ongeza na hali ya hewa ya Kilombero. Usiku wa masika kuna unyevu mwingi hewani, na kwenye unyevu mate hayakauki vizuri, kama nguo zisivyokauka siku ya mawingu. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, yuko hatarini kufa. Mbwa mkubwa mwenye manyoya mazito, aliyezalishwa kwa nchi za baridi, anaifikia hatari hiyo mapema kuliko mbwa wetu wa kienyeji mwenye manyoya mafupi.

*La pili ni wepesi.* Nguvu ya msuli inategemea unene wake, yaani eneo la mkato, wakati uzito unategemea ujazo. Kwa hiyo mnyama akikua, uzito unakua haraka kuliko nguvu ya kuubeba. Mbwa mdogo ana nguvu nyingi kwa kila kilo yake. Anageuka ghafla, anaruka pembeni, anarudi. Mbele ya chonge za nguruwe, kugeuka nusu sekunde mapema ndiyo tofauti ya mbwa anayerudi nyumbani na mbwa unayemchimbia shimo.

*La tatu ni chakula,* na hapa hesabu inageuka kidogo, uwe makini. Mwaka 1932 mwanasayansi Max Kleiber alionyesha kwamba mahitaji ya nishati ya mnyama hayaendi sambamba na uzito. Mnyama mwenye uzito mara mbili hahitaji chakula mara mbili, anahitaji kama mara 1.7. Madaktari wa mifugo hutumia kanuni hiyo: chukua kilo za mbwa, zipandishe kwa kipeo cha 0.75, zidisha kwa 70, unapata kilokalori anazohitaji kwa siku akiwa amepumzika. Kwa mbwa wa kazi tuchukulie mara mbili ya hapo.

Mbwa wa kilo 18 atahitaji kilokalori 1,220 hivi kwa siku. Wa kilo 36, kama 2,060. Tuzigeuze ziwe unga wa mahindi ili mjomba azielewe: gramu 340 kwa mmoja, gramu 570 kwa mwingine. Kwa mwaka mzima ni kilo 124 dhidi ya kilo 209. (Mbwa haishi kwa ugali peke yake, anahitaji dagaa, utumbo au mifupa yenye nyama. Unga hapa ni kipimo tu.)

Ukifuga mbwa wawili wa kilo 18 badala ya mmoja wa kilo 36, watakula kilo 248. Yaani wawili wadogo wanakugharimu asilimia 19 zaidi ya mmoja mkubwa. Nakuambia hivi kwa sababu ukweli lazima usemwe hata pale unapompa nguvu mpinzani wako: kwa chakula, jibwa moja lina nafuu kuliko wadogo wawili wa uzito ule ule. Lakini wadogo wawili ni pua mbili na masikio manne. Mmoja akiumwa, shamba halibaki wazi. Na bei ya kuwanunua haigusi gunia tatu.

Masikio hayauzwi kwa kilo

Kama kazi ni kugundua mapema, basi kitu tunachonunua ni pua na masikio. Je, mbwa mkubwa husikia vizuri zaidi?

Swali hili lilishapimwa. Mwaka 1983 mtafiti Henry Heffner alichapisha matokeo ya kupima usikivu wa mbwa wa ukubwa tofauti kabisa, kuanzia Chihuahua, anayeweza kuingia kwenye kikapu, hadi Saint Bernard, mwenye uzito wa mtu mzima. Ngoma za masikio yao zilitofautiana kwa ukubwa, lakini usikivu wao haukufuata ukubwa wa mwili. Wote walisikia sauti kali za juu ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzipata: sisi tunaishia kwenye hezi 20,000 hivi, mbwa anafika kwenye 45,000 au karibu na hapo.

Maana yake kwa mkulima ni rahisi. Ukilipia kilo za ziada hujalipia masikio ya ziada. Anachokuongezea mbwa mkubwa ni sauti nzito, kwa sababu koo na mdomo wake ni mrefu, na ujasiri wa kusogea karibu. Ule ujasiri wa kusogea karibu ndio hasa tusioutaka.

Mbona Wamarekani wanatumia majibwa?

Hili mjomba aliniuliza, maana kijana mmoja kijijini alimwonyesha video. Ni kweli. Kusini mwa Marekani wana tatizo kubwa la nguruwe waliogeuka wa porini, uzao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania tangu miaka ya 1500, wakachanganyika baadaye na nguruwe mwitu wa Ulaya. Wawindaji wa kule hutumia mbwa wa aina mbili, na ukiangalia vizuri utaona wamegawa kazi kwa ukubwa.

Kuna mbwa wa kubwekea, wa wastani na wepesi, ambao humtafuta nguruwe, humzunguka na kumpigia kelele bila kumgusa. Halafu kuna mbwa wa kukamata, majibwa mazito yenye taya pana, ambayo hushikwa kwa kamba mpaka dakika ya mwisho, yanavalishwa fulana nene za kuzuia chonge, ndipo yanaachiwa kumng'ang'ania nguruwe sikio wakati mtu anakuja kummaliza. Jibwa ulilomwona kwenye video ni la dakika mbili za mwisho. Usiku mzima uliotangulia ulikuwa wa wale wadogo.

Na huna haja ya kwenda mbali hivyo. Kwenye misitu ya Kongo, Wambuti wa Ituri wanaowinda kwa nyavu wamekuwa na mbwa wadogo kwa vizazi na vizazi. Uzao wa mbwa wa aina hiyo ulipelekwa Ulaya ukaitwa Basenji: urefu wa sentimita 40 hivi begani, uzito wa kilo 10 au 11. Kwa kuwa hawabweki kama mbwa wengine, huvalishwa kengele shingoni ili mwindaji ajue walipo. Kazi yao ni kumwamsha mnyama na kumsukuma kwenye wavu. Kumkamata ni kazi ya wavu na mtu.

Kwa hiyo, kilo ngapi?

Usiniombe namba takatifu, hakuna. Lakini ukiunganisha yote hayo, kwa kazi ya kulinda shamba pale Mkula ningetafuta mbwa wa kilo 15 hadi 20, urefu wa begani sentimita 45 hadi 50, miguu mirefu, kifua kirefu kwenda chini, kiuno chembamba, manyoya mafupi. Ukimwangalia vizuri, huyo ni mbwa wa kienyeji wa kawaida aliyelishwa vizuri. Yuko tayari mtaani kwako.

Kwa nini si mdogo zaidi, wa kilo 6? Kwa sababu shamba la mpunga lina tope na nyasi zinamfunika, atachoka kabla hajazunguka jaruba mbili. Na karibu na Udzungwa kuna chui na chatu. Kuna ukubwa ambao chini yake mlinzi anageuka kitoweo.

Mizani usihangaike nayo. Ile ya kuning'iniza wanayopimia mpunga inatosha: mweke mbwa kwenye kiroba kikubwa kichwa kikiwa nje, mning'inize sekunde chache, soma. Ukiwa na mizani ya kupanda, jipime ukiwa umembeba, jipime bila yeye, toa.

Na namna ya kumtumia ina uzito kuliko kilo zake:

- Usiku mfunge kwa kamba ndefu karibu na dungu, upande ambao nguruwe huingilia. Abweke, asifuate. Simba hakufa kwa sababu alikuwa mdogo. Alikufa kwa sababu alikwenda peke yake gizani.
- Akibweka, amka kweli. Wanyama huzoea kelele isiyo na madhara. Nguruwe akigundua kuwa kubweka hakufuatwi na mtu, baada ya siku chache atakula mahindi huku akisikiliza. Badilisha: leo tochi, kesho debe, kesho kutwa moto na kelele upande mwingine.
- Kama walioingia ni tembo, mvute mbwa ndani na umnyamazishe. Mbwa aliyekasirisha tembo hukimbilia kwa mwenye mbwa, na tembo anamfuata nyuma.

Jambo ambalo mizani haipimi

Hapa mjomba alitaka kukata simu, nikamsihi asubiri. Mbwa yeyote, mkubwa au mdogo, anayekutana na wanyama wa porini usiku na kucheza na watoto asubuhi ni daraja la magonjwa.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini kinazuilika. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania, Kilombero ikiwemo, zilikuwa kwenye mradi wa majaribio wa chanjo za namna hiyo kuanzia mwaka 2010. Kwa hiyo muulize afisa mifugo wa kata siku ya chanjo ni lini, na usiikose. Mtu aking'atwa, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa ataumwa.

Mbwa pia hupeleka magonjwa porini. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa wa virusi wa mbwa uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba, na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Nyanda zetu hizi ni jirani na mbwa mwitu, ambao hawajabaki wengi duniani. Chanjo ya mbwa wako ni kinga yao pia.

Na kama jirani yako anafuga nguruwe, kumbuka homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Nguruwe pori anaweza kuwa na virusi hivyo bila kuumwa. Nguruwe wa bandani akivipata huwa anakufa, na tiba hakuna. Mbwa akiburuta mzoga mpaka uani, anaweza kufuta banda zima.

Mjomba aliamuaje?

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka ile ya puani.

"Yaani umesoma miaka yote hiyo kuja kuniambia nichukue mbwa wa kienyeji?"

"Wawili, mjomba. Na uwachanje. Na uwafunge kamba."

Gunia tatu hazikuuzwa. Amechukua watoto wawili wa mbwa kwa jirani, jike na dume, kwa ahadi ya debe moja la mpunga baada ya mavuno. Jike bado halina jina. Dume anamwita Msomi, na anasema hata usiku wa manane likidondoka tawi tu, Msomi lazima atoe maoni.